Pasi ya Kwenda Kuogelea

Wenzangu wa kalamu, hadithi ya kisiwa tumeiandika mpaka imechakaa. Kijana wa Dar anapanda boti asubuhi, upepo unampiga usoni, saa mbili baadaye yuko Unguja. Anazurura Forodhani, anakula urojo, anakutana na binti mwenye macho ya kurembua, wanakwenda Nungwi kutazama jua likizama. Kisha wanaachana, na kijana anarudi bara na majonzi yake na shairi lake. Nimezisoma nyingi za namna hiyo, nyingine nzuri tu. Lakini hebu tuulizane: mbona katika hadithi zote hizo hakuna hata kijana mmoja aliyeulizwa kitambulisho?

Ukweli wenyewe ni kwamba likizo ya kisiwani haianzi ufukweni. Inaanza kwenye kidirisha cha tiketi. "Jina? Kitambulisho?" Basi, maneno mawili tu, na wako wanaoishia hapo hapo na mabegi yao mgongoni, wakitazama wenzao wakipanda. Mimi nasema kidirisha kile ndicho hadithi yenyewe. Kukiruka ili tufike haraka kwenye mwezi na mawimbi ni uvivu wa mwandishi, tena uvivu unaowafaa sana wanaokaa nyuma ya kidirisha.

Tuanze na vinavyotakiwa, tusije tukaambiwa tunasema hewani. Mtanzania anayevuka kwenda Unguja siku hizi hahitaji pasipoti. Anatakiwa awe na kitambulisho. Wengi hutoa cha taifa, cha mpiga kura au leseni ya udereva, na mtoto hutafutiwa cheti chake cha kuzaliwa. Mgeni wa nchi za nje ana mzigo mkubwa zaidi: pasipoti ambayo bado ina miezi sita mbele yake, viza kwa wale wanaotakiwa kuwa nayo, dola 50 kwa wengi na dola 100 kwa Mmarekani, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kama anatoka nchi yenye ugonjwa huo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya safari ya lazima, inayouzwa na shirika la bima la serikali ya Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima kwa muda wa siku 92. Na akishuka Malindi, hata kama pasipoti yake ilishagongwa mhuri Dar, atapita tena mbele ya maafisa wa uhamiaji.

Sasa chukua karatasi zote hizo, zimwage mezani, uzitazame kwa makini. Utaona kwamba zinauliza maswali matatu, wala si zaidi. La kwanza: nani yumo chomboni? La pili: huyu ni wa wapi? La tatu: ana nini mfukoni? Maafisa wetu huyauliza yote matatu kwa pumzi moja, kama vile ni swali moja. Na sisi tunayajibu kwa pumzi moja, kwa sababu foleni ni ndefu na boti inapiga honi. Hapo ndipo tunapopigwa chenga. Swali la kwanza ni la abiria. La pili na la tatu ni ya bawabu. Na hoja yangu, ambayo niko tayari kuitetea mbele ya yeyote, ni hii: ukilitia nguvu sana swali la pili, unaliua la kwanza.

Swali la kwanza tusilifanyie mzaha, maana watu wamekufa kwa kukosa jibu lake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilizama kwenye mkondo wa bahari, upande ule ule wa Nungwi ambako leo tunakwenda kutazama jua. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria mia sita na kitu. Tume iliyoundwa baadaye ilikuta kwamba ilipakia zaidi ya watu 2,400. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema ni wangapi waliopanda, wala ni akina nani. Miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kitu. Zaidi ya watu elfu moja hawakuonekana tena. Mama anafika bandarini anauliza, "Mwanangu alikuwamo?" na hakuna mtu wa kumjibu ndiyo wala hapana. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe.

Kwa hiyo msije mkasema huyu kijana anataka watu wapande meli kama wanavyopanda daladala. La! Jina langu liandikwe. Liandikwe sawasawa, na la mdogo wangu wa miaka mitatu liandikwe, na karatasi ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Karatasi hiyo hainitii hofu. Ile ndiyo karatasi pekee gatini ambayo imeandikwa kwa ajili yangu na si dhidi yangu.

Tena ni karatasi ya zamani katika bahari yetu, wala haikuletwa na mitambo ya alama za vidole. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofungwa ili kuzuia biashara ya watumwa, uliyataka majahazi ya pwani hii yawe na orodha ya mabaharia na orodha ya abiria Waafrika. Afisa wa bandari alitakiwa kuhakikisha kwamba aliyemo chomboni amepanda kwa hiari yake. Najua, mataifa makubwa yaliyotia saini yalikuwa na mambo yao. Hawa hawa waliolaani utumwa ndio waliokuwa wakitugawana kama samaki wa mnadani. Lakini angalia maana ya karatasi ile. Jina la mtu liliandikwa ili asipotee, asije akauzwa Arabuni akahesabiwa kama gunia la karafuu. Nani yumo? Swali hilo, likiulizwa kwa nia njema, ni swali la mtu anayekujali.

Swali la pili nalo lina historia yake, nayo ni chafu. Wazee wa Kenya wanaijua vizuri. Sheria ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka kumi na sita na zaidi kutembea na kipande: alama za vidole, jina la mwajiri na ujira wake, vyote vimetiwa kwenye kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kipande hakikuuliza kama uko salama. Kiliuliza wewe ni wa nani, na mbona uko hapa badala ya kule ulikoandikiwa. Huo ndio ukoo wa swali la "wa wapi". Mkoloni alipofunga mizigo yake alituachia kikopo, na sisi tukakibadilisha jina tu.

Na visiwani? Muungano ulifungwa tarehe 26 Aprili 1964. Vijana wadogo hushangaa wakiambiwa, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, mpaka miaka ya 1990, mtu wa bara alitakiwa kuwa na pasipoti ili aingie Unguja. Nchi moja, bendera moja, wimbo mmoja wa taifa, na pasipoti katikati! Mwalimu wa Morogoro aliyetaka kuwapeleka watoto wake wakaone bahari ya upande wa pili alikuwa na kazi sawa na ya kwenda Bombay. Na pasipoti enzi hizo, bwana, haikuwa kitu cha kuchukua dukani kama kiberiti. Ilitaka barua, ilitaka sababu, ilitaka umjue mtu. "Unakwenda kufanya nini?" "Kuogelea." Hebu fikiria uso wa karani.

Najua wenzetu wa Unguja na Pemba watakaosoma hapa wameshakunja ndita. Watasema: "Nyinyi wa bara mna nchi kubwa haina mwisho. Sisi tuko visiwa viwili, sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773, ardhi ni hii hii ndogo. Mkija wote mtatumeza. Mlango ni haki yetu." Hoja hiyo ni nzito na siichezei. Mtu mdogo aliyelala kitanda kimoja na mtu mkubwa ana haki ya kuuliza habari za shuka. Na kejeli za sisi watu wa bara, tunaomwita kila muuza duka Mpemba na kumcheka lafudhi, hazijamsaidia yeyote. Anayeitwa chogo kule na anayeitwa Mpemba huku wote wameulizwa swali lile lile kwa matusi tofauti.

Lakini, ndugu zangu wa visiwani, hebu mutazame huyo bawabu wenu anamzuia nani. Ardhi ya pwani ya mashariki, kuanzia Michamvi hadi Paje na Jambiani, imejaa mahoteli. Je, iliyachukuliwa na kijana wa Tandale aliyekuja na begi moja na mkate? Kama mnaogopa ardhi kwisha, ziko sheria za ardhi, zikazeni. Kama mnaogopa ajira kuchukuliwa, iko mikataba ya hoteli, isomeni. Mlango wa gatini unamkagua muuza karanga mpaka kwenye soksi, ilhali mwenye hoteli wala hapiti gatini. Yeye hushuka uwanja wa ndege na watu wanampokea na maua. Kumpekua mtalii maskini ili kuilinda ardhi dhidi ya tajiri ni sawa na kufunga dirisha la choo huku lango kuu liko wazi.

Tena swali la "wa wapi" halina adabu. Ukilikaribisha nyumbani likuulizie wageni, kesho litakugeukia wewe mwenyeji. Sheria ya 2005 ilileta Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kilipofanywa sharti la kuandikishwa kupiga kura, mwaka 2009 kule Pemba palizuka zogo kubwa, maana wako watu waliozaliwa pale pale, wazazi wao wamezikwa pale pale, wakaambiwa hawana kitambulisho hicho na kwa hiyo hawaandikwi. Uandikishaji ukasimamishwa kwa muda. Waliokuwa wakiulizwa wa wapi hawakuwa machogo kutoka bara. Walikuwa Wapemba, Pemba!

Swali la tatu, la mfukoni, nitalipitia haraka. Mzungu akija, hatumsumbui sana alikotoka. Tunataka kujua ana dola ngapi. Viza, bima, tiketi ya boti ya bei ya wageni, basi. Sina ugomvi mkubwa na hilo. Mwenye nacho achangie hospitali na barabara anazozitumia. Lakini tusijidanganye kwamba huo ni ukarimu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo na dola. Makunduchi kwenyewe, siku ya Mwaka Kogwa, inasemwa kwamba nyumba isiyopata mgeni imekosa baraka. Mgeni yeyote, hata wa kutoka Buguruni aliyekuja na ndala. Huo ndio uungwana wa kisiwa. Wenye kaunta wameugeuza kuwa orodha ya bei.

Na jirani je? Mkenya, Mganda na Mnyarwanda walikubaliana mwaka 2014 kwamba raia wao watembeleane kwa vitambulisho vya taifa tu. Unatoka Nairobi unakwenda Kigali na kadi mfukoni, kama mtu anayekwenda kwa shangazi. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliiachia kila nchi ijiamulie, na sisi tukaamua kukaa pembeni. Kwa hiyo chukua vijana wawili. Mmoja wa Mombasa, anaongea Kiswahili cha pwani kuliko mimi, nyimbo zake ni taarabu, bibi yake ana ndugu Pemba, lakini akija Tamasha la Filamu la Zanzibar kitambulisho chake cha taifa hakikutengenezewa njia. Mwingine ametoka mbali, hajui hata "shikamoo", lakini pasipoti anayo tangu utotoni kwa sababu kwao mtoto huzaliwa nayo karibu. Nani atafika kwanza? Karatasi imemfanya wa mbali awe jirani na jirani awe wa mbali.

Bahari haijui mambo haya, na waliovuka kabla yetu hawakuyajua. Wavuvi kutoka Pemba walifuata samaki hadi Kwale na Kilifi, wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Wajukuu wao wakaishi Kenya bila kitambulisho, si Wakenya, si Watanzania. Bila kitambulisho huwezi kukata leseni ya uvuvi, kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Mvuvi anakwenda baharini usiku, kwa kujificha, kama mwizi wa samaki wa Mungu. Mpaka mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia. Sasa niambie: miaka yote ile, chombo cha mvuvi wa aina hiyo kikipinduka, nani angeandika jina lake? Hakuwa kwenye orodha yoyote. Swali la "wa wapi" lilikuwa limeshalimeza swali la "nani yumo".

Kama bado mnadhani natia chumvi, twendeni kusini kidogo, Visiwa vya Ngazija. Nataka mkione kisiwa ambacho swali la pili limefika mwisho wa njia. Kutoka Nzuwani hadi Maore, ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte, ni kilomita 70 hivi, sawa na bahari ya kutoka Dar hadi Unguja. Watu ni wale wale, dini moja, ndugu wa damu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1975, Maore ilibaki mikononi mwa Ufaransa. Bado watu walikuwa wakivuka, kwenda harusini, kwenda kumwona mgonjwa, kwenda kupumzika kwa dada. Januari 1995 serikali ya Ufaransa ikaweka viza. Siku moja ulikuwa unakwenda kwa shangazi, siku ya pili wewe ni mhalifu.

Watu hawakuacha kwenda. Walianza kwenda usiku, kwa mashua ndogo wanazoziita kwasakwasa, zimejaa kupita kiasi, bila taa, bila orodha. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba waliokufa njiani tangu 1995 ni kati ya 7,000 na 10,000. Ona pengo hilo la watu elfu tatu! Hata maiti wenyewe hatujui idadi yao, kwa sababu kila aliyepanda alikuwa akikwepa kuandikwa. Na tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga Chido kilipoipiga Maore, wako wakazi wasio na karatasi walioogopa kwenda kwenye majengo ya kujikinga, wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Hesabu rasmi ya waliokufa ilisimama kwenye watu 40 hivi, na wenyeji wengi hawakuiamini. Nani alikuwamo kisiwani siku ile? Serikali yenye kompyuta zote hizo haikuweza kujibu. Ilikuwa imetumia miaka thelathini kuuliza swali jingine.

Sasa turudi kwetu, maana kwetu hakujafika huko na namwomba Mungu kusifike. Lakini mbegu ipo. Sote tunamjua mtu aliyevuka kwa jina la mwenzake. Kadi yake haijatoka, ana namba tu kwenye kikaratasi kilichofifia. Au imepotea na ya pili inataka mzunguko wa wiki tatu. Au yuko chini ya miaka kumi na minane na cheti cha kuzaliwa hakijawahi kukatwa. Boti inaondoka. Basi binamu anampa kadi yake, wanafanana fanana, anapita. Tunacheka, tunaona ni ujanja wa mjini. Lakini siku chombo kikizama, orodha itasema amekufa binamu aliyelala nyumbani kwake Magomeni, na aliyekufa kweli atakuwa hai kwenye makaratasi. Wala usimlaumu kijana peke yake. Karani aliyeambiwa kazi yake ni kuzuia watu hawezi papo hapo kuwa karani wa kuwaandika. Watu humdanganya bawabu. Mwandishi wa majina hawamdanganyi.

Mimi nimewahi kusimama kwenye kaunta moja, gati siitaji na mwaka siutaji, nina kitambulisho halali mkononi. Afisa akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza: "We kabila gani?" Nikamwambia kadi haiandiki kabila. Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza wewe." Akanipisha mwishowe, wala hakunitukana. Lakini niambieni, jibu langu lingemsaidia nini nahodha mawimbi yakichafuka? Kuna jaketi la kuokolea la Wanyakyusa na jingine la Wadigo?

Wako watakaosema: "Acha kelele wewe, tafuta kitambulisho usafiri kama wenzako." Ushauri huo huwa unatolewa na watu ambao kadi zao zililetwa hadi ofisini. Kwa kijana asiye na ofisi, kadi ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, barua ya serikali ya mtaa, siku ya kibarua iliyopotea, na "njoo wiki ijayo". Ukishajumlisha, likizo yote imeliwa na karatasi kabla hajaona hata povu la bahari. Na msinicheke kwa kuitetea likizo. Kuna watu wanaona kwamba maskini anatakiwa apate hospitali, shule, na maji ya bomba, halafu anyamaze. Kwamba kwenda kutazama bahari kwa sababu ni nzuri ni mambo ya wenye nazo. Hapana. Fundi viatu wa Manzese ana haki ya kulala siku mbili mchangani Kizimkazi bila kufanya lolote. Kama nchi ni yake, na uvivu wa siku mbili katika nchi hiyo ni wake.

Kwa hiyo tudai nini? Mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, orodha ya abiria iwe kitu kitakatifu. Kila roho iandikwe, mtoto wa mgongoni naye, na nakala ibaki bandarini kabla ya honi ya mwisho. Abiria aone jina lake limeandikwa vizuri kabla hajapanda.

Pili, Mtanzania asiye na kadi asirudishwe. Aandikwe jina, apigwe picha pale pale, atoe jina na simu ya mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Hiyo ni taarifa yenye faida siku ya msiba kuliko kadi ya plastiki iliyozama na mwenyewe.

Tatu, afisa yeyote wa gatini, upande wowote wa bahari, asimwulize msafiri kabila, asili wala lafudhi yake. Likiulizwa, jina la aliyeuliza nalo liandikwe.

Nne, Tanzania ijiunge na majirani waliofungua mlango wa vitambulisho mwaka 2014. Anayekuja kutembea siku saba haji kuchukua shamba.

Na sisi waandishi tuna letu. Sisemi tuache kuandika mwezi, binti na karafuu. Mwezi wa Nungwi ni mwezi kweli, sijui mtu atawezaje kuuacha. Nasema tusivukie angani. Tupite gatini kama watu wanavyopita. Tumwandike yule kijana aliyerudishwa, maana naye alikuwa na binti anamngoja Forodhani. Tumwandike karani pia, kwa haki, aliyekaa tangu alfajiri bila chai na akaambiwa kosa lolote ni juu yake. Tuwaandike akina mama wa Pemba wa mwaka 2011 waliokuja kuuliza jina wakakuta hakuna karatasi. Serikali zetu zina vitabu vingi vya watu wa wapi na wapi. Kitabu cha nani alikuwamo bado kina kurasa tupu nyingi, na kazi ya kuzijaza haihitaji mhuri wa mtu yeyote. Inahitaji kalamu, na kalamu mnazo.